Diminazini au isometamidiamu: ipi umdunge ng'ombe mwenye nagana?

Kwenye rafu ya nagana, ule ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o, katika duka la dawa za mifugo mashariki ya Uganda, iwe Tororo, Busia au Iganga, dawa za kuhesabika ni mbili tu. Ya kwanza ni diminazini, chembechembe za manjano ambazo wengi wetu tunaziita Berenil hata kama pakiti imeandikwa Veriben au jina jingine. Ya pili ni isometamidiamu, unga wa rangi ya damu ya mzee, ambao mtaani ni Samorin ingawa huuzwa pia kwa jina la Trypamidium au Veridium. Zote mbili ni za zamani, zimetumika tangu miaka ya 1950 na 1960, na mpaka leo hakuna dawa mpya ya ng'ombe iliyokuja kuzipumzisha. Kuna na homidiamu, ambayo siku hizi haionekani sana. Ndiyo kemikali ileile inayotumika maabara kupaka rangi chembe za urithi, na inahofiwa kuziharibu, kwa hiyo siipendekezi na sitairudia.

Mfugaji akifika kaunta huwa na ombi moja: "Daktari, nipe ile kali." Hapo ndipo uchaguzi unapoanza kupotea, maana hakuna iliyo kali kuliko mwenzake. Diminazini huingia, huua vimelea vilivyomo kwenye damu, kisha hutoka. Isometamidiamu hukaa. Ili uchague vizuri unahitaji kujua mambo mawili kuhusu ng'ombe wako: kama ameshaambukizwa, na atachungwa wapi kwa miezi mitatu ijayo. Bei ya pakiti ije baada ya hayo.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa mwenye ng'ombe wawili watatu nyumbani, na mmoja kaugua, chukua diminazini. Kwa maksai wa plau na kundi linaloshuka kila siku kwenye vichaka vya mto, isometamidiamu ina thamani ya pesa yake, ila kwa vipindi, si mwaka mzima. Na kabla ya yote hayo, hakikisha ni nagana unayoitibu.

Je, ni nagana kweli?

Pesa nyingi hupotea hapa kuliko kwenye kuchagua dawa. Ng'ombe mwenye nagana hukonda polepole huku bado anakula, manyoya husimama, machozi hutoka, utando wa ndani ya jicho hupauka, maziwa hupungua, na mwenye mimba anaweza kuitupa. Homa huja na kuondoka. Ugonjwa unaweza kuchukua wiki au miezi.

Ndigana kali, ile inayoletwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, huenda mbio. Homa hupanda na kubaki juu, tezi iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega huvimba, mnyama hukohoa na kuhema kwa shida, na ng'ombe wa maziwa wa kigeni anaweza kufa ndani ya wiki mbili tatu. Dawa yake ni buparvakwoni. Diminazini haiiponyi, isometamidiamu haiiponyi. Anayedunga Berenil kwa ndigana kali ananunua siku mbili za matumaini na kupoteza siku mbili za matibabu.

Mkojo mwekundu, yaani babesia, ni jambo tofauti: diminazini inautibu, kwa dozi ileile ya nagana. Hii ni nyongeza ambayo isometamidiamu haina, na ni sababu mojawapo ya kuanza na diminazini pale ambapo mnyama ana upungufu wa damu, umeshaondoa ndigana kali, na hakuna maabara karibu. Lakini ndigana baridi (anaplasma), ambayo nayo hupauza macho na kukausha kinyesi, inataka oksitetrasaiklini. Kwa hiyo tone la damu chini ya hadubini lina thamani kuliko pakiti yoyote. Maabara nyingi za wilaya huzungusha damu kwenye mrija mwembamba, wakapima kiwango cha chembe nyekundu, halafu wakatafuta tripanosoma, yaani vimelea vya nagana, kwenye mpaka kati ya chembe na majimaji. Kiwango kikiwa chini ya asilimia 24 hivi, mnyama ana upungufu wa damu, hata kama vimelea havikuonekana siku hiyo. Damu ichukuliwe kabla ya sindano. Baada ya diminazini vimelea hutoweka upesi, na hapo maabara itakuambia ng'ombe ni mzima kumbe imechelewa tu.

Zinavyokaa mwilini

Diminazini ikidungwa kwenye msuli huingia kwenye damu haraka, hufika kileleni ndani ya saa chache, kisha figo na ini huanza kuitoa. Kiasi kinachobaki baada ya wiki mbili hivi hakitoshi kuzuia maambukizi mapya. Ndiyo maana ng'ombe aliyedungwa Jumatatu, akarudi kwenye mbung'o walewale, anaweza kuwa na vimelea tena mwezi ujao, na mwenyewe akaapa kwamba dawa ilikuwa feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi ni mbung'o.

Isometamidiamu hujenga ghala mahali ilipodungwa. Sehemu kubwa hubaki pale kwenye msuli na kwenye ini, ikitoka kidogo kidogo kwenda kwenye damu. Kwa dozi ya kinga hulinda miezi miwili hadi minne. Palipo na mbung'o wengi muda huo hufupika. Ubaya wa ghala ni mkia wake. Mwishoni mwa kipindi cha kinga, dawa iliyobaki kwenye damu ni ndogo mno kuua vimelea vyote lakini inatosha kuviacha vile vigumu vikiendelea kuzaana. Usugu huanzia hapo, na kadiri unavyodunga mfululizo mwaka baada ya mwaka ndivyo unavyouongeza.

Wala moja kati ya hizo haifiki vizuri kwenye ubongo. Tripanosoma aina ya brucei hujificha nje ya damu, hivyo dawa ikiisha inaweza kurudi. Aina mbili nyingine, vivax na congolense, ndizo zinazowakondesha ng'ombe wetu hasa, na hizo nyumba yao kuu ni damu. Brucei haimsumbui sana ng'ombe, ila ndugu yake mmoja anamsumbua sana binadamu, nitalifikia hilo.

Takwimu kando kwa kando

| | Diminazini | Isometamidiamu |
|---|---|---|
| Kazi | kutibu | kutibu na kukinga |
| Dozi kwa kilo moja ya uzito | 3.5 mg, daktari anaweza kupandisha hadi 7 mg | 0.25 hadi 0.5 mg kutibu, 0.5 hadi 1 mg kukinga |
| Pakiti ya kawaida | 2.36 g, yenye 1.05 g ya diminazini | 125 mg au 1 g |
| Maji ya kuchanganya | 15 ml | 12.5 ml kwa 125 mg (1%); 50 ml kwa 1 g (2%) |
| Kwa kila kilo 100 | 5 ml | kwa 0.5 mg: 5 ml ya 1%, au 2.5 ml ya 2% |
| Kinga baadaye | wiki mbili tatu ukibahatika | miezi 2 hadi 4 |
| Mkojo mwekundu | inatibu | usiitegemee |
| Alama kwenye msuli | ndogo | uvimbe, wakati mwingine mkubwa |

Namba hizi ni za michanganyiko iliyozoeleka. Pakiti yako ikisema maji mengine, fuata pakiti.

Hesabu ya uzito, ambayo watu huikimbia

Chukua ng'ombe mmoja wa kienyeji wa kilo 240. Kwa diminazini anahitaji 12 ml kati ya zile 15. Pakiti moja inamtosha mnyama wa hadi kilo 300, na zebu wetu wengi hawafiki hapo. Lakini watu wawili wakigawana pakiti moja kwa ng'ombe wakubwa wawili, kila mmoja anapata pungufu. Wanaweza kugawana kwa ndama wawili wa kilo 120, sawa.

Kwa isometamidiamu ya 125 mg, ng'ombe huyohuyo wa kilo 240 anamaliza karibu pakiti nzima kwa dozi ya 0.5 mg: 12 ml kati ya 12.5. Ukitaka kinga ndefu ya 1 mg, anahitaji karibu pakiti mbili. Sasa fikiria mwenye duka anayekuambia "hii inatosha wawili." Amekupunguzia hadi 0.25 mg, ambayo ni ukingo wa chini kabisa wa kutibu na si kinga ya maana. Utatembea na moyo mweupe kwamba ng'ombe wamekingwa miezi mitatu. Hawajakingwa.

Pakiti ya gramu moja ndiyo nafuu kwa kundi: kwa 0.5 mg inatosha jumla ya kilo 2,000, yaani ng'ombe wanane wa kilo 240. Majirani wakipanga siku moja na kuwakusanya ng'ombe kwenye zizi moja, gharama kwa kichwa inashuka. Ila changanya yote na itumike siku hiyohiyo. Mabaki ya dawa iliyoyeyushwa yasiyowekwa mahali safi na baridi yanaharibika, na sindano chafu iliyozamishwa kwenye chupa hiyo imeshaingiza vijidudu.

Uzito wenyewe upime kwa utepe wa kifua, ule unaozungushwa nyuma ya miguu ya mbele. Chagua uliotengenezwa kwa ng'ombe wa kienyeji. Utepe wa Friesian hauwafai zebu wenye nundu. Unaweza kumpa mnyama kilo asizokuwa nazo au kumnyang'anya alizo nazo. Makadirio ya macho ni hatari zaidi kwa ng'ombe aliyekonda, kwa sababu jicho linaona mifupa na kusahau kimo.

Kama una shaka, kwa diminazini ongeza kilo chache; ng'ombe anaivumilia vizuri. Kwa isometamidiamu kuwa makini zaidi, maana kuvuka 2 mg kwa kilo ni kumtia sumu, na mnyama aliyedhoofika sana anaweza kuanguka hata kabla ya hapo. Ng'ombe ambaye hawezi kusimama vizuri, mimi humpa diminazini kwanza, nyasi, maji na kivuli, na isometamidiamu ije baada ya wiki kadhaa akishapata nguvu.

Kudunga

Zote mbili huingia ndani ya msuli, tena ndani hasa, katikati ya shingo. Sindano namba 18 yenye urefu wa sentimita nne hivi inafaa kwa ng'ombe mkubwa. Zama, vuta nyuma kidogo uone kama damu inaingia kwenye bomba. Ikiingia, chomoa na uchague mahali pengine. Ukizidi 15 ml, gawa sehemu mbili, moja kila upande wa shingo.

Tofauti inaonekana ukikosea. Diminazini ikibaki chini ya ngozi itauma na kuvimba kidogo, basi. Isometamidiamu ikivuja chini ya ngozi inaweza kufanya uvimbe mgumu wa kukaa muda, na mara nyingine kidonda. Hata ikidungwa vizuri huacha kovu kwenye msuli; mchinjaji akifika shingo hukata kipande hicho na kukitupa. Kwa sababu hiyo sipendi kuona mtu akidunga isometamidiamu pajani, kwenye nyama ya bei.

Maksai wana shida yao. Nira hukaa mbele ya nundu, juu ya shingo. Ukidunga juu mno, uvimbe utakuwa chini ya nira na huyo dume hatalima vizuri. Dunga chini ya mstari huo, nusu ya chini ya shingo, na fanya hivyo wiki mbili kabla ya msimu wa plau. Ukingoja mpaka siku ya kulima umechelewa mara mbili, kwa kinga na kwa shingo.

Kila ng'ombe na sindano yake. Najua gharama, lakini sindano moja ikipita kwenye shingo kumi hubeba damu, na damu hubeba ndigana baridi na hata tripanosoma yenyewe. Kama sindano ni chache, chemsha kila moja kabla haijaingia kwa ng'ombe mwingine.

Maji ya kuchanganya yawe maji ya sindano ya dukani, au yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya kisima moja kwa moja hapana.

Kupokezana ili zidumu

Wataalamu wa Afrika Mashariki waligundua zamani kwamba vimelea vilivyoizoea isometamidiamu mara nyingi bado vinakufa kwa diminazini. Ndiyo asili ya utaratibu wa kuzipokezana: unatumia isometamidiamu kwa kipindi fulani, halafu unaingiza diminazini kusafisha vilivyobaki, na usiirudie ile ya kwanza bila kupumzika. Si utaratibu wa kichawi. Katika nchi kadhaa za Afrika kumeonekana vimelea vinavyozishinda dawa zote mbili kwa pamoja, na vikifika hapo hakuna cha tatu cha kukimbilia.

Utaratibu ninaoupenda kwa kundi lililo karibu na mto kama Mpologoma au Malaba ni huu. Anza na diminazini kwa wote ili kusafisha damu. Baada ya wiki mbili hivi, wape isometamidiamu wale tu wanaokwenda kwenye vichaka, kabla ya msimu wa mbung'o wengi. Kinga ikikaribia kwisha, usiongeze nyingine kwa mazoea, pima damu. Wakiwa safi, pumzisha. Mmoja akionekana na vimelea, mtibu huyo kwa diminazini, si kundi zima.

Ukitibu kwa diminazini kwa dozi kamili na baada ya siku 14 hivi mnyama bado ana vimelea kwenye damu, mwambie daktari wa mifugo wa gombolola. Inaweza kuwa dawa mbovu, uzito uliokosewa, au usugu. Kuongeza sindano nyingine ileile hakutakuambia ni ipi kati ya hizo.

Nani achague nini

Ng'ombe wa maziwa chotara anayefungwa nyumbani na kuletewa nyasi: diminazini akiugua, na hana haja ya isometamidiamu. Hatari yake kubwa ni kupe, si mbung'o, kwa hiyo pesa ya kinga ya nagana itumike kwenye kuzuia kupe.

Kundi la kienyeji linalozurura: watibu wagonjwa, kinga wachache. Mbung'o hupenda kuuma wanyama wakubwa kuliko ndama, kwa hiyo ukilazimika kuchagua wa kukinga, wape kipaumbele maksai na majike wakubwa. Ndama wanakaa karibu na nyumba.

Mwenye mimba: akiwa mgonjwa, usimwache kwa kuogopa dawa, nagana yenyewe hutoa mimba kuliko sindano. Diminazini, kwa utaratibu, bila kumkimbiza wala kumwangusha chini.

Mchuuzi wa ng'ombe sokoni yuko kwenye kundi lake. Hapa chaguo ni diminazini, na kuna sababu kubwa kuliko biashara. Mwaka 1998 malale, ugonjwa wa usingizi wa binadamu, ilizuka Soroti katika eneo la Teso, mahali ambapo haikuwepo kabla ya hapo, na wachunguzi waliifuatilia mpaka kwenye soko la ng'ombe la Brookes Corner: ng'ombe walikuwa wameletwa kutoka maeneo yenye ugonjwa bila kutibiwa, baada ya Teso kupoteza mifugo yake mingi. Ng'ombe hubeba rhodesiense, ile aina ya brucei inayoleta malale ya haraka kwa watu wa kusini-mashariki ya Uganda, na wala haonekani mgonjwa. Mbung'o wa mahali papya akimuuma ng'ombe huyo, kisha akamuuma mtu, ugonjwa umeshahamia. Hapo diminazini inatosha kama anakokwenda hakuna mbung'o wengi, kwa sababu kazi yake ni kusafisha damu siku ile, si kulinda safarini. Uulize daktari wa soko kama anataka dozi ya kawaida au ya juu. Na cheti cha kusafirisha kiandikwe dawa na tarehe; mnunuzi ana haki ya kukisoma.

Kampeni iliyoanza mwaka 2006 kaskazini ya Teso na Lango, iliyoitwa kwa kifupi SOS (Stamp Out Sleeping Sickness, yaani kutokomeza malale), ilifanya hivyohivyo kwa wingi: kudunga ng'ombe wa eneo zima, na kuwapulizia dawa ya wadudu miguuni na tumboni. Madaktari wanafunzi wa Makerere walishiriki. Wasiwasi mkubwa ulikuwa kwamba malale ya rhodesiense ingepanda kaskazini-magharibi na kukutana na ile ya gambiense, malale ya polepole, kwa kuwa Uganda ni nchi yenye zote mbili na matibabu yake kwa binadamu hayafanani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba gambiense hapa si tatizo la afya ya umma tena. Rhodesiense haijapata cheti hicho, na ng'ombe wa mtu ni sehemu ya sababu.

Ya kupulizia: mshindani asiyekuwa kwenye rafu hiyo

Kabla hujanunua isometamidiamu ya mwaka mzima, linganisha na bomba la kupulizia. Mbung'o huuma sehemu za chini: miguu, tumbo. Deltamethrini ukiipulizia hapo, na masikioni, inaua mbung'o anayetua, na unatumia dawa kidogo kuliko kuosha ng'ombe mzima. Kila mwezi, ukiungana na majirani, mbung'o wa kijiji hupungua kwa sababu kila ng'ombe amegeuka mtego. Mtu mmoja akifanya peke yake anapata faida ndogo, mbung'o hawana mipaka ya shamba.

Kuna kosa moja limeenea sana. Amitrazi, dawa ya kupe inayotumika kila kona ya Uganda, haiui mbung'o. Inaua kupe. Ukipulizia amitrazi ukategemea nagana itapungua, utangoja. Kwa mbung'o unahitaji pairethroidi kama deltamethrini au saipamethrini. Na hapo kuna mvutano wa kweli: kusini-magharibi ya nchi, kupe wameshazizoea pairethroidi kwa sababu ya kutumika ovyo na kwa kipimo pungufu. Kwa hiyo mahali penye shida zote mbili, tumia deltamethrini miguuni na tumboni kwa ajili ya mbung'o, na umwachie daktari aamue dawa gani iende juu kwa ajili ya kupe. Usizichanganye kwenye ndoo moja kwa ubunifu wako.

Kwa uchumi, kupulizia kwa pamoja kunaweza kupunguza sindano za kijiji mpaka wale wachache wanaougua tu watibiwe. Ni njia ninayoiamini zaidi ya zote, ila inataka watu kukubaliana siku moja, na hilo ndilo gumu kuliko dawa.

Nyama na maziwa

Diminazini na isometamidiamu zote zina muda wa kusubiri kabla ya nyama kuliwa, na huo unahesabika kwa wiki, si siku. Soma lebo ya pakiti uliyonunua, kwa sababu watengenezaji hutofautiana. Kwa maziwa pia soma lebo. Diminazini inapita kwenye maziwa, kwa hiyo usiuze ya siku za mwanzo. Ng'ombe anayekaribia kufa akidungwa Berenil usiku na kupelekwa bucha asubuhi ni jambo linalofanyika, na kila mtu anajua. Kama nia ni kumchinja, usimdunge kwanza.

Unapolipa

Nunua kwenye duka lenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, iliyoning'inizwa ukutani. Sokoni wanaopima unga kwa kijiko na kuufunga kwenye karatasi, waache. Angalia tarehe, angalia kama pakiti imefungwa kiwandani, na angalia ujazo: baadhi ya pakiti za diminazini zimeandikwa gramu 2.36, nyingine ni ndogo kwa bei ileile. Uliza pia uzito wa diminazini yenyewe, siyo uzito wa pakiti, kwa kuwa zaidi ya nusu ya pakiti hiyo ni dawa nyingine ya kutuliza maumivu na homa iliyochanganywa humo.

Isometamidiamu ikiyeyuka vizuri inakuwa nyekundu bila mabonge. Diminazini inakuwa ya manjano safi. Ikibaki chini kama mchanga, rudisha.

Mwishowe, mabaki ya bomba usiyamalizie kwa mbwa au punda wa nyumbani. Mbwa ana nafasi finyu sana kati ya dozi ya diminazini na sumu, na inaweza kumharibia ubongo. Punda na farasi nao ni wepesi kudhurika. Ngamia wa Karamoja vilevile: kwa ngamia diminazini ni sumu, na daktari ana dawa nyingine. Mbuzi na kondoo wanaweza kupata diminazini kwa hesabu ileile ya kilo, 5 ml kwa kilo 100, ambayo kwa mbuzi wa kilo 20 ni 1 ml tu. Tumia bomba dogo, maana kwenye bomba la 20 ml huwezi kuisoma vizuri.